Ari ya Kazi Viwandani Dar es Salaam

Ari ya kazi humfanya mfanyakazi afanye kazi yake vizuri hata msimamizi asipokuwepo. Waajiri wengi huitafuta kwenye mshahara, na wana sababu. Mtu anayetoka Mbagala au Bunju alfajiri, akapanda daladala mbili hadi kazini, hawezi kutiwa moyo na hotuba wakati mshahara wa mwezi uliopita haujaingia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka msingi: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu, likizo ya mwaka iwe siku 28. Msingi huo ukivunjwa, kazi hulegea. Ukizingatiwa, manung'uniko hupungua, ila bidii haiji kwa hilo peke yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alilieleza jambo hili mwaka 1959: malipo na mazingira mazuri huondoa kero, lakini bidii hutokana na kuthaminiwa, kukabidhiwa dhamana na kuona kazi yenyewe ina maana.

Dar es Salaam ilikwisha kupata somo hilo. Februari 1971 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitoa tamko lake la Mwongozo, na ibara ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliichukulia kwa uzito wake. Migomo ya miaka iliyofuata ilihusu mno ubabe na matusi ya mameneja, si fedha tu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Ni vigumu kuwaita wavivu watu wa namna hiyo.

Mabaraza ya wafanyakazi yaliyoundwa katika mashirika ya umma kwa Waraka wa Rais wa 1970 yalikusudiwa kuwapa sauti, lakini kazi yao ilikuwa kushauri tu. Kikao cha aina hiyo hukatisha tamaa kama hoja hazijibiwi. Karakana ya Temeke au duka la Kinondoni halihitaji baraza kubwa: mwenye kazi akieleza mapema kwa nini zamu imebadilishwa, akamkosoa fundi faraghani na kumsifu mbele ya wenzake, ameanza vizuri.

Vibarua ndio husahaulika zaidi. Anayeitwa getini kila asubuhi kwa miaka bila mkataba wa maandishi hana sababu ya kuitunza mashine ambayo kesho huenda asiiguse. Kumwajiri rasmi ndiko kunakompa sababu hiyo.