Zvi Spector na Wenzake: Wafu Wasio na Kaburi

Katika makala hii twakusudia kueleza habari za Zvi Spector, kijana Myahudi aliyepotea baharini mwaka 1941, pamoja na swali ambalo kifo cha namna hiyo huwaachia walio hai.

Spector alikuwa mmoja wa viongozi vijana wa Haganah, jeshi la siri ambalo Wayahudi wa Palestina waliliunda mwaka 1920 ili kujilinda. Waingereza waliotawala nchi ile hawakulihalalisha. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, pande hizo mbili zilijikuta zina adui mmoja. Syria na Lebanon zilikuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Basi ukafanywa mpango wa kuharibu mitambo ya kusafishia mafuta mjini Tripoli, Lebanon.

Tarehe 18 Mei 1941 mashua iitwayo Sea Lion iling'oa nanga Haifa. Ndani yake walikuwamo wapiganaji 23 wa Haganah, Spector akiwa kamanda wao na Katriel Yaffe nahodha, pamoja na afisa Mwingereza, Meja Anthony Palmer. Mashua haikutimiza kazi yake, wala haikurudi. Wengine hudhani kuwa baruti iliyobebwa ililipuka. Wengine, kuwa adui aliishambulia. Hata baada ya majeshi ya Uingereza na washirika wake kuingia Lebanon na Syria mwezi Juni, haikupatikana habari ya hakika. Spector alimwacha mkewe, Shoshana, na mtoto wao Iftach, ambaye hakuwa ametimiza mwaka mmoja. Mtoto huyo alikua akawa rubani mashuhuri wa kivita wa Israeli.

Je, ni lini aliyepotea huhesabiwa kuwa amekufa? Swali hili ni la kale katika sheria ya Kiyahudi. Talmudi, katika sehemu iitwayo Yevamoti, sura ya 16, inatofautisha maji ambayo kingo zake zaonekana na maji yasiyo na mwisho. Mtu akizama katika yale ya kwanza asionekane tena, wenye hekima wengi humruhusu mkewe kuolewa. Akipotea baharini, hawamruhusu, maana huenda ametokea ufuko mwingine. Mwanamke huyo huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Sheria hii yaonekana kuwa ngumu, lakini inakataa kumzika mtu kwa kubahatisha. Na ili kumfungulia mwanamke njia, sura iyo hiyo inakubali ushahidi wa mtu mmoja tu, ingawa kwa kawaida huhitajiwa mashahidi wawili.

Wachungaji wetu nao hukutana na jambo hili. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria mwaka 1996, jamaa nyingi zilikosa mwili wa kuzika. Twajifunza mambo mawili. Kwanza, tusiwaharakishe wafiwa kukubali wasichokiona. Kungoja kwao si ukosefu wa imani. Pili, tusiwaache wangoje peke yao. Waisraeli wamewajengea wale 23 ukumbusho katika Mlima Herzl, na miji kadhaa ina barabara zenye jina lao. Kanisa nalo laweza kufanya ibada ya kumbukumbu pasipo jeneza, likiwataja wafu kwa majina. Ufunuo 20:13 inashuhudia kwamba bahari nayo itawatoa wafu wake. Basi tumaini letu halikujengwa juu ya kaburi, bali juu ya Mungu anayejua kila mmoja alipo.