Tembea kabla presha haijakulaza

Njia za matembezi kwa wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe

Ukimfuata mkazi wa kawaida wa Mombasa tangu alfajiri hadi usiku, utaona kwamba siku nzima ameketi. Asubuhi ameketi ndani ya matatu kutoka Kiembeni kwenda mjini. Mchana ameketi dukani, afisini, ama nyuma ya usukani wa lori huko Changamwe. Jioni yuko barazani na kahawa yake, na usiku yuko mbele ya televisheni. Hata mwendo mfupi wa kwenda sokoni siku hizi hupandiwa tuktuk au bodaboda.

Ukaaji huu una gharama yake, nayo hulipwa polepole. Kitambi huongezeka, sukari hupanda, mishipa ya damu hukakamaa. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka mingi bila kuumwa hata kichwa, kisha siku moja akaamka mkono mmoja hauinuki na mdomo umepinda. Hicho ni kiharusi. Wengi wanaopatwa nacho si wazee. Ni watu wenye watoto wanaosoma na kodi ya nyumba ya kulipa.

Ndugu msomaji, dawa moja ya kuzuia balaa hii unayo tayari, nayo ni miguu yako. Makala ya leo yanaeleza mahali pa kuitumia, tena mahali penye kupendeza, bila kwenda mbali na Mombasa.

Dereva na utingo

Mnamo 1953, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikuwa ameketi zamu nzima. Utingo alipanda na kushuka ngazi za basi mchana kutwa akikusanya nauli. Wote wawili walikuwa wa kampuni moja na barabara moja. Hata hivyo, ilionekana kwamba matingo walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata hawakufa kwa wingi kama wenzao waliokaa.

Tangu wakati huo, tafiti nyingi zimeunga mkono jambo hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kiwango cha chini cha dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Kwa mtu mwenye presha, kutembea namna hii kila wiki kunaweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Hilo halina maana kwamba utupe vidonge vyako. Maana yake ni kwamba vidonge vitapata msaidizi.

Mwendo wa wastani ni upi? Kipimo ni rahisi. Ukiwa unatembea, uweze kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kuzungumza, punguza.

Kisauni: msitu uliofufuka

Kwa wakazi wa bara ya kaskazini, pa kuanzia ni Bamburi. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, jangwa jeupe lisilo na jani. Mnamo 1971, mtaalamu kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti hapo. Mvinje ndio uliostahimili chumvi na jua. Majani yake yalipokuwa hayaozi, aliingiza majongoo wayale na kuyageuza udongo. Leo sehemu ya machimbo hayo ni bustani ya Haller Park, na ng'ambo kuna njia za msituni zilizotengwa kwa watu wa kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli.

Uzuri wa njia hizi kwa mgonjwa ni kwamba ni tambarare, zina kivuli, na hazina magari. Mtu wa miaka 60 mwenye magoti mabovu anaweza kuzimudu. Ukishazoea, nenda Nguuni, umbali wa kilomita chache kutoka hapo, penye nyasi, mikoma, twiga na mbuni. Ulizia saa za kufungua na ada kabla ya kuondoka nyumbani.

Anayetaka historia na avuke daraja la Mtwapa aende Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14. Pana mibuyu, nyumba za mawe matumbawe na msikiti uliokabili bahari. Mwendo wake ni mfupi, lakini unafaa familia nzima, watoto na nyanya wakiwemo.

Likoni: kutoka ufuoni hadi Shimba

Ukiwa Likoni huna haja ya nauli. Ufuo wa Shelly uko karibu, na mchanga mbichi wakati maji yanapokupwa ni mgumu wa kutosha kutembelea. Angalia saa za maji kwanza, kwa sababu yakijaa huenda ukakosa pa kurudia. Vaa viatu, kwani miamba hukata.

Kusini zaidi, karibu na Diani, iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mnamo 2008. Mgeni huongozwa na mtu wa kijiji, hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, na haruhusiwi kung'oa chochote. Njia ni tambarare na miti mikubwa huzuia jua.

Lakini tunu ya bara ya kusini ni Shimba Hills, huko Kwale, mwendo wa kilomita 30 na ushei kutoka Mombasa. Vilima hivi vina mwinuko wa zaidi ya mita 400 juu ya bahari, hivyo upepo wake ni baridi kidogo. Humo mna ndovu, na mna palahala, swara mwenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga, ambaye nchini Kenya anapatikana huko tu. Askari wa wanyamapori huwasindikiza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20. Usijaribu kwenda bila askari. Ndovu hana mzaha.

Hapa nataka msomaji anisikilize. Njia ya Sheldrick huanza kwa kuteremka. Mtu hufika chini anacheka, anajiona kijana. Kisha inambidi apande kilomita mbili hivi kurudi, jua likiwa limekwisha kuwa kali na maji ya kunywa yamebaki kidogo. Wenye moyo dhaifu huzidiwa kwenye kupanda huko. Kwa hivyo, nenda asubuhi, na weka nusu ya maji yako kwa ajili ya kurudi. Na kama bado unatweta ukipanda ngazi za ghorofa mbili, subiri kwanza ujizoeze kwa mwezi mmoja au miwili.

Changamwe: njia ya Rabai

Mkazi wa Changamwe, Mikindani au Miritini ana taabu ya malori, vumbi na moshi. Kutembea kando ya barabara kuu saa za msongamano si afya. Tembea alfajiri katika vichochoro vya mtaani, na mwisho wa juma panda gari hadi Mazeras, kisha uelekee Rabai.

Rabai ni nchi ya vilima na minazi. Hapo ndipo wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipofungua kituo chao mnamo 1846, na hapo ndipo Rebmann alipotoka kwa miguu hadi akauona Kilimanjaro na theluji yake mnamo 1848. Wewe hutakiwi kufika Kilimanjaro. Kilima kimoja kwenda na kurudi, pamoja na kutazama makumbusho, kinatosha. Kama ungependa kuingia kaya, omba ruhusa kwa wazee.

Tahadhari za daktari

Joto la Pwani lina unyevu mwingi, kwa hivyo jasho hutoka lakini halikauki, na mwili haupoi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo ya hatari zaidi. Tembea kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ama baada ya saa kumi jioni. Kwa matembezi ya saa mbili, beba lita moja na nusu ya maji, unywe kidogo kidogo. Dafu ni zuri, lakini mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza.

Mwenzako akiacha kutoa maneno ya maana, akayumba, na ngozi yake ikawa ya moto, joto limempanda kichwani. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtafute gari la hospitali mara moja. Usimlazimishe kunywa akiwa hajifahamu.

Mwenye presha apimwe kabla ya kuanza. Ikiwa ni 180 kwa 110 au zaidi, usipande kilima chochote, nenda kliniki. Anayemeza vidonge vya kukojoa aseme hivyo kwa daktari, kwa sababu hukaukiwa maji upesi. Ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanakwenda mkononi au tayani, simama na utafute msaada. Usiseme ni gesi.

Mwenye kisukari abebe sukari au pipi mfukoni. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka. Ile mara moja. Vaa soksi na raba, si champali, na jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kidogo kisichoonekana kimewapotezea wengi mguu.

Na akiumwa mtu na nyoka, usimchanje wala usimfunge kamba kwa nguvu. Mtulize, asitembee, na abebwe hadi hospitali.

Anza hivi

Wiki ya kwanza, tembea dakika 10 kwa siku mtaani kwako. Kila wiki ongeza dakika 5. Baada ya wiki tano utakuwa umefika nusu saa, na hapo mwili wako uko tayari kwa Bamburi, Kinondo au Rabai mwisho wa juma. Shimba iache iwe zawadi ya mwezi wa tatu.

Usitembee peke yako. Mchukue mume, mke, jirani au mtoto. Anayetembea peke yake huacha siku ya mvua ya kwanza; anayengojewa na mwenzake mlangoni huona haya kubaki kitandani. Kumbukeni tu kwamba safari ya Shimba ya mwezi mara moja haifidii siku 29 za kukaa. Matembezi ya kila siku ndiyo yanayoulinda moyo, na vilima vinakupa sababu ya kuyaendeleza.