Nyimbo za kopi za Freddie Mercury jukwaani

Nyimbo za kopi za Freddie Mercury ni nyimbo za wasanii wengine ambazo mwimbaji huyo mzaliwa wa Zanzibar aliziimba katika maonyesho yake, hasa akiwa na bendi ya rock ya Queen. Wanamuziki wa dansi nchini Tanzania huita jambo hilo "kupiga kopi", na bendi changa nyingi huanza hivyo kabla ya kutunga nyimbo zao. Mercury naye alianza hivyo, lakini hakuacha hata baada ya nyimbo zake mwenyewe kuvuma duniani.

Mwanzo

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Uhindi. Hapo alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, ambayo ilipiga nyimbo za akina Little Richard na Cliff Richard. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ilihamia Uingereza.

Pamoja na Queen

Queen ilianzishwa London mwaka 1970. Katika miaka yake ya kwanza, mara nyingi ilipiga "Jailhouse Rock" ya Elvis Presley na "Big Spender" karibu na mwisho wa onyesho. Huu wa pili si wimbo wa rock hata kidogo: unatoka katika tamthilia ya muziki ya Sweet Charity ya mwaka 1966, na Waingereza waliufahamu zaidi kwa sauti ya Shirley Bassey. Mercury alipenda mbwembwe za aina hiyo.

Kopi nyingine ilitokana na msiba. John Lennon aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Kesho yake Queen walikuwa na onyesho Wembley Arena, London, wakaimba "Imagine" kwa kumkumbuka.

Ziara ya 1986

Katika uwanja wa Wembley, tarehe 11 na 12 Julai 1986, wanabendi walisogea mbele ya jukwaa na magitaa yasiyo ya umeme, wakapiga nyimbo za ujana wao, kama "Hello Mary Lou" ya Ricky Nelson. "Tutti Frutti" ya Little Richard, aliyoijua tangu shuleni, ilianza kwa utaratibu huo kisha ikamalizika kwa kishindo cha bendi nzima.

Siku chache baadaye, tarehe 27 Julai, walikuwa Budapest, Hungaria. Mercury hakujua Kihungaria. Hata hivyo aliimba "Tavaszi szél vizet áraszt", wimbo wa jadi ambao kila Mhungaria anaujua, huku maneno yake yakiwa yameandikwa kwenye kiganja chake. Hakuficha: filamu ya onyesho hilo inamwonyesha akitazama mkono waziwazi, na uwanja mzima ukiimba pamoja naye.

Onyesho lake la mwisho na Queen lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Kopi za Wembley zilitolewa mwaka uliofuata katika albamu ya Live at Wembley '86.