Kifuko cha Nyuma ya Kuku

Sogeeni, ila msipige teke sufuria ya maji moto. Jogoo huyu wa soko la Makindu hajafikisha miezi mitatu, na nimemchagua makusudi. Angekomaa, kitu ninachotaka kuwaonyesha kingekuwa kimenywea.

Anzeni na shingo. Mnaviona hivi vidonge vilivyopauka, vimepangana kando ya mshipa kama shanga za bibi? Hiyo ni thaimasi. Humo askari wa damu hufundwa kumjua adui bila kumpiga ndugu. Papa wa Mombasa anayo, chura wa Mto Makindu anayo, nanyi mnayo kifuani. Samaki wenye taya walikuwa nayo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Hiki chekundu cha mviringo karibu na firigisi ni wengu, nao ni wa zamani hizo hizo.

Sasa mgeuzeni. Hapa, juu ya njia ya kinyesi, pana kifuko kama harage kubwa. Nakipasua: ndani mikunjo mitupu, kama kurasa za daftari lililolowa. Mwitaliano Fabricius alikieleza katika kitabu kilichotoka 1621, yeye akiwa ameshakufa. Kazi ya kifuko hicho? Miaka zaidi ya 300 watu walibaki kukisiakisia.

Kisha huko Ohio, Marekani, mwanafunzi Bruce Glick akawakata kuku vifuko. Mwenzake Timothy Chang akaazima baadhi yao awaonyeshe wanafunzi jinsi damu inavyotengeneza silaha za kupigana na bakteria. Wengi hawakutengeneza chochote: kumbe kifuko ndicho kiwanda cha silaha hizo! Habari hiyo ilitoka 1956 katika jarida la sayansi ya kuku, ambalo madaktari wa watu, nadhani, hawakuwa na haja ya kulifungua.

Mbuzi hana kifuko hiki, wala nyinyi. Kwenu kazi hiyo hufanywa na uboho, ndani ya mifupa. Lakini mna kitu ambacho kuku hana. Ulipochomwa na mwiba wa mgunga unyayoni, si mtoki ulikuvimba kinenani? Ile ni tezi, kituo cha ulinzi walichojiongezea wanyama wanaonyonyesha.

Ugonjwa wa Gumboro hukishambulia kifuko hiki hiki. Kifaranga akipona, kiwanda chake kimeshabomoka, na hata chanjo ya kideri utakayompa baadaye huenda isishike. Ndiyo maana juzi niliwafukuza pale kwenye maji ya vifaranga: mlikuwa mnanawia chanjo ya Gumboro.