Kengele ya Asubuhi

Huko Grambling, katika jimbo la Louisiana, Marekani, chuo cha watu weusi kilikuwa na mwalimu wa mpira aitwaye Eddie Robinson. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kushikwa mikononi. Alianza kazi mwaka 1941, akastaafu mwaka 1997, timu yake ikiwa imeshinda mara 408.

Lakini tazameni kazi yake nje ya uwanja. Siku zile hoteli nyingi za kusini hazikumkaribisha mtu mweusi mezani. Basi vijana waliposafiri, Robinson mwenyewe aliwatengenezea mikate ya kula njiani, wasishinde njaa wala kufukuzwa mlangoni. Wakati mmoja mzazi aliwazuia wanawe wawili nyumbani ili wavune pamba. Robinson aliwachukua wachezaji wenzao, wakaenda shambani, wakavuna pamoja nao, na vijana wale wakarudi kucheza. Tena asubuhi alipita mabwenini akipiga kengele, ili mchezaji asikose masomo. Maana mbio za miguu huisha, bali elimu hubaki.

Ndugu, Bwana Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu, hapakuwa na umati wa kushangilia. Wewe uliyekabidhiwa watoto, wafanyakazi au wanakwaya, usiulize tu kama wameshinda. Uliza kama wamekula. Uliza ni mzigo gani unaowazuia nyumbani, kisha uende ukaubebe pamoja nao.

Mungu awabariki.