Punje ya Kahawa na Nyutoni: Kufundisha Vipimo Vidogo vya Kani

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya mteremko wa Kilimanjaro aliandika ubaoni kwamba gunia la kahawa lenye kilo 60 huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 588. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kisha akataka kuonyesha kani ndogo, akaandika kwamba punje moja huvutwa kwa milinyutoni 1.47, yaani nyutoni 1,470. Mtoto wa dawati la mbele akainua mkono: "Shikamoo mwalimu. Punje moja imeshinda magunia mawili?" Darasa likacheka, na mwanachuo akafuta ubao wote, hata ile sehemu iliyokuwa sahihi.

Kosa lake ni la kawaida. Alijua kwamba kuna elfu moja mahali fulani, ila hakujua kama aizidishe au aigawe. Wengi wetu tulikaririshwa kuhamisha nukta kushoto au kulia. Na anayekariri upande, siku akisahau, hana pa kushika. Yule mtoto hakukariri lolote. Amebeba kahawa mgongoni, naye anajua gunia ni nini na punje ni nini. Ujuzi huo ndio mwalimu aanze nao.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kilo hupima tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Nyutoni hupima kani, na uzito ni kani ambayo dunia huvuta kitu hicho. Hapa kwetu kila kilo 1 huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, kwa hiyo debe la maji la lita 20, ambalo mtoto hulitoa mferejini, humlemea kwa nyutoni 196. Sokoni Moshi watu husema "uzito kilo ishirini", na sioni faida ya kumkemea mtoto kwa lugha ya mama yake. Mwambie tu kwamba darasani tutauliza swali la pili: dunia inavuta kwa nguvu gani?

Sasa tuje kwenye udogo. Ligawe darasa katika makundi kumi, kila kundi lihesabu punje 100 za kahawa kavu iliyokobolewa. Zitie zote katika mfuko mwepesi, uuning'inize kwenye mizani ya springi. Tuseme punje hizo 1,000 zina gramu 150. Mizani itasoma karibu nyutoni 1.47. Hapo uliza: punje moja je? Watoto wenyewe watagawa kwa elfu, kwa kuwa ile elfu wameihesabu kwa vidole vyao. Jibu ni nyutoni 0.00147. Sifuri hizo zinachosha macho, ndiyo sababu tunachukua kipimo kidogo zaidi, milinyutoni, ambacho elfu yake ni nyutoni 1. Punje ina milinyutoni 1.47. Kani haikubadilika hata kidogo. Kipimo kimekuwa kidogo, basi idadi imekuwa kubwa. Mwanachuo wetu alikuza idadi huku akikuza na kipimo.

Ngazi inaendelea kushuka kwa elfu elfu: mikronyutoni, nanonyutoni, pikonyutoni. Punje ile ile ni mikronyutoni 1,470, au nanonyutoni 1,470,000. Katika vitabu vya zamani mtakutana pia na daini, kipimo kilichotumika kabla jina la nyutoni halijapitishwa kimataifa mwaka 1948. Nyutoni 1 ni daini 100,000, nayo si hatua ya elfu. Basi msiiweke katika ngazi hii, mtawachanganya watoto. Punje yetu ni daini 147.

Je, mikronyutoni ina kazi gani kwa mtu wa Kilimanjaro? Ukipanda kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, unajitenga na kitovu cha dunia kwa kilomita tano hivi, na mvuto hupungua kidogo. Gunia la kilo 60 lingepungukiwa na chini ya nyutoni 1; punje moja isingepungukiwa na zaidi ya mikronyutoni 2 na kitu. Mizani ya mawe haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, kwa maana mawe nayo yamepungua kwa kadiri ile ile; springi nyepesi mno ndiyo ingeweza. Swali hili huwaamsha hata wanaosinzia, na wengine watauliza kama mkulima anayeuza kahawa kileleni angepunjwa. Waachieni wabishane.

Chini kabisa, katika pikonyutoni, wataalamu hupima protini moja moja zinazovuta mizigo ndani ya chembe hai, kila moja kwa pikonyutoni chache tu. Darasa la saba wanaweza kutafuta wenyewe ni protini ngapi za pikonyutoni 5 zingehitajika kuinua punje moja ya kahawa. Jibu linakaribia milioni 300, na atakayepata chini ya moja atajua mwenyewe aligawa mahali pa kuzidisha.