Hesabu na Mambo Yasiyofikiwa kwa Mkono

Kuna watu wadhanio kwamba hesabu ni kazi ya duka tu, ya kujumlisha fedha na kutoa. Lakini hesabu humwezesha mtu kujua hata jambo asiloweza kulifikia kwa mkono.

Tuseme kwamba huko Buswelu, karibu na Mwanza, pana mti mrefu usiopandika. Asubuhi, fimbo ya futi 3 husimamishwa wima mahali palipo sawa, na kivuli chake huonekana kuwa futi 2. Papo hapo kivuli cha mti hupimwa, nacho ni futi 20. Jua ni moja, na miali yake huangukia fimbo na mti kwa pembe moja. Basi kila futi 2 za kivuli ni futi 3 za kimo. Ishirini ina mbili kumi. Kwa hiyo mti una futi 30. Hakuna aliyeupanda, wala hakuna ashindaye jibu hilo.

Lakini mtu akipima fimbo saa moja na nusu na mti saa nne, hapati kweli, hata azidishe vizuri namna gani, kwa kuwa jua limekwisha panda.

Jambo la namna hiyo liliwapata wasafiri Burton na Speke mwaka 1858. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri nchi inavyoinuka: pwani kwa nyuzi 100, na kando ya ziwa la Mwanza kwa nyuzi 96 hivi. Hivyo mwenye kipimo cha joto na sufuria aweza kuhesabu kimo cha nchi. Walipopima Ziwa Tanganyika walipata futi 1,800 hivi, kumbe kimo chake ni zaidi ya futi 2,500. Kanuni ilikuwa njema. Kipimo chao ndicho kilichokuwa kibovu.

Basi hesabu ni amini, lakini haiwezi kugeuza kipimo cha uongo kiwe kweli. Atakaye kuijua dunia na apime kwa uangalifu kwanza, kisha ahesabu.

Zoezi: Fimbo ya futi 4 ina kivuli cha futi 5. Saa ile ile kivuli cha mti ni futi 35. Je, mti una futi ngapi?